Kumimina alumini katika nyumba ya chungu: tufanye ao tuache?



Tangu majuma matatu kuko mabishano katika internati, na sasa yamefika mpaka katika chumba cha waalimu. Chanzo chake ni video moja ambayo mwenzetu wa mwaka wa tano alileta katika simu yake alipotoka likizo. Mtu mmoja wa Marekani anayeyusha alumini, anaimimina katika tundu la chungu, anangojea ipoe, anachimba, anaosha udongo kwa maji, na kinachotoka ni kitu kama mti uliogeuzwa chini juu, matawi na majani yake yote ni ya metali. Video hiyo ilitolewa mwaka 2013 kwa jina la Anthill Art, na mamilioni ya watu wameiona. Sanamu yenyewe ina uzito wa kilo 8 hivi na kimo cha karibu cm 45. Tangu siku ile kuko wenzetu wenye kusema: "Sisi pia tufanye! Nyuma ya jiko kuko tundu kubwa, na vipande vya sufuria mbovu viko." Wengine wanasema ni ukatili, hata ni zambi. Sisi wa kundi la biolojia tumeombwa kutoa mawazo yetu. Tunayatoa hapa bila kuficha kitu, na mwenye kupinga aandike katika namba ijayo.

Mawazo yetu ni haya. Kumimina si kubaya kwa kuwa ni kumimina. Lakini mwenye kumimina metali ya moto katika tundu lenye watu wake analipa kwa maisha ya mji mzima. Kama hakupima, hakuhesabu wala hakuandika, amelipa bei yote na kuacha mali sokoni. Ndiyo maana tunasema: alumini katika tundu la nyuma ya jiko, hapana. Kazi yenyewe, ndiyo, lakini kwa njia nyingine ambayo tutaieleza.

Kwanza mjue kwamba video ile haikuanzisha mambo haya. Mtu aliyeyafanya kwa muda mrefu na kwa akili ni Profesa Walter Tschinkel, wa chuo kikuu cha Florida State katika mji wa Tallahassee. Alitaka kujua nyumba ya chungu ina umbo gani chini ya inchi. Ukichimba kwa jembe unavunja kile unachotafuta, ni kama kusoma barua kwa kuipasua. Basi akalifanya tundu lenyewe kuwa kalibu, yaani kile kitu ambacho fundi anamimina metali ndani yake ili ipate umbo. Mwaka 2010 aliandika makala juu ya namna ya kufanya kazi hiyo, akataja vitu vinne vinavyofaa: plasta ya waganga wa meno, nta ya mishumaa, alumini na zinki.

Kila kimoja kina faida na hasara. Plasta haitaki moto: unaikoroga na maji, unaimimina, inakuwa ngumu. Lakini unapochimba inavunjika vipande vipande, na kisha ni kazi ya gundi na subira. Nta unaweza kuiyeyusha tena, na chungu waliofungwa ndani wanatoka, unawahesabu chumba kwa chumba. Zinki inayeyuka kwa digri 420, alumini kwa digri 660. Metali haivunjiki ovyo, na ndiyo maana inapendeza macho, lakini inapoa njiani, na katika njia nyembamba za chini inaweza kuganda mbele ya kufika mwisho. Kwa hiyo ile sanamu nzuri ya alumini pengine si nyumba nzima. Wenzetu wenye kushangilia video hawakufikiri jambo hilo.

Sasa tuseme Tschinkel aliona nini, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Kule Florida kuko chungu wenye kuvuna mbegu, jina lao la sayansi ni Pogonomyrmex badius. Nyumba yao inashuka ndani ya mchanga kupita metre mbili. Njia yao haiendi chini moja kwa moja, inazunguka kama ngazi ya mnara. Karibu na juu inashuka polepole, kwa pembe ya digri 15 mpaka 20. Ikipita cm 50 inashuka kwa ukali, karibu digri 70. Pembeni mwa njia kuko vyumba, na kimo cha chumba ni karibu cm 1 tu, chumba kiwe kidogo ao kikubwa. Karibu nusu ya nafasi yote ya vyumba iko katika robo ya juu ya nyumba, na kila unavyoshuka nafasi inapunguka kwa kipimo ambacho ni kilekile katika nyumba ndogo na katika nyumba kubwa! Nyumba inakua, lakini umbo lake halibadiliki. Chungu vijana wanakaa chini, na wanapozeeka wanapanda juu, mpaka mwisho wanatoka nje kutafuta chakula. Yaani kazi ya hatari ni ya wazee. Sisi wanafunzi tutafikiri juu ya hilo siku ya kuchota maji.

Tena hamjasikia neno la kushangaza zaidi: chungu hao wanapohama, nyumba mpya inachimbwa kwa siku 4 ao 5. Hakuna enjinia wala karatasi ya plani wala anayepiga filimbi, kisha wote wanatoa umbo lile la kabila lao.

Mwaka 2004 Tschinkel alitoa wazo: labda chungu wanajua wako chini namna gani kwa kusikia hewa ya kaboni, ambayo inaongezeka kila unavyoshuka. Ni wazo zuri, na angeweza kulala nalo usingizi. Hakulala. Alienda porini akabadilisha hewa ndani ya udongo, akaangalia chungu watachimba namna gani, na mwaka 2013 akaandika kwamba hewa ile haikubadilisha kitu: walichimba vilevile. Wazo lake mwenyewe likaanguka kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tunapenda jambo hilo kupita sanamu zote za alumini.

Na mbegu je? Chungu hao wanaziweka akiba katika vyumba vya chini, na nyingine ni kubwa na ngumu kupita nguvu za meno yao. Mwaka 2016 Tschinkel na mwenzake waliandika siri yake: chungu wanangojea mbegu iote. Ikiota, inajipasua yenyewe, kisha wanakula. Mambo ya namna hiyo hayaonekani katika alumini hata ukiisugua mpaka ing'ae kama kioo. Yanaonekana kwa mtu mwenye kuchimba chumba kimoja kimoja, na daftari mkononi.

Wenzetu wa upande mwingine wana neno lenye nguvu, na si haki kulinyamazia. Wanasema: wale chungu wa video ni adui. Ni kweli. Wanaitwa chungu wa moto, wanauma vibaya, na si wenyeji wa Marekani ya Kaskazini. Walitoka Amerika ya Kusini ndani ya merikebu, wakashuka katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930. Mwaka 1942 mtoto wa miaka 13, Edward Wilson, aliona tundu lao karibu na bandari hiyo na kuandika habari yake. Mtoto huyo alikuwa amepoteza nguvu ya jicho moja, samaki alimchoma kwa mwiba wake, na kwa hiyo alipenda kutazama vitu vidogo kwa karibu. Nyuma yake akawa mmoja wa wajuzi wakubwa wa chungu duniani. (Miaka 13! Yaani umri wa wadogo wetu wanaoingia sekondari.) Leo chungu wa moto wameenea katika majimbo mengi ya kusini ya Marekani, na mji wao mmoja unaweza kuwa na chungu zaidi ya 200.000. Wakulima wanawaua kwa sumu, na hakuna anayepata hata sanamu. Basi, mtu wa kule akimimina alumini, anaua wale ambao jirani yake angewaua kesho. Hatuna neno la kumwambia.

Lakini chungu wa nyuma ya jiko letu walitoka wapi? Hawakushuka kwa merikebu, wao ni wenyeji. Walikuwa pale mbele ya shule kujengwa. Mmewaona: weusi, wakubwa, wanatoka kwa mstari kama askari, wanaenda kushambulia mchwa, na wanarudi na mchwa mdomoni. Chungu wa namna hiyo wanaojulikana kwa jina la Megaponera wako katika inchi nyingi za Afrika. Mwaka 2017 wajuzi waliofanya kazi katika Côte d'Ivoire waliandika kwamba chungu hao, vita ikiisha, wanawatafuta wenzao walioumizwa na mchwa, wanawabeba na kuwarudisha nyumbani. Aliyekatwa mguu anabebwa. Kisha anapona na kurudi vitani. Na sisi tuwamiminie moto wa digri 660 sababu tunataka kitu cha kupamba meza? Tena wao wanakula mchwa, na kila mtu hapa anajua mchwa wamefanya nini na milango ya internati.

Hatusemi hivyo kwa kuwa tunajiona watakatifu. Siafu wakiingia chumbani usiku, wote tunatupa majivu ya moto na petroli, na hakuna anayelia asubuhi. Mtu akikupigania kitanda chako, unajitetea. Lakini tundu la nyuma ya jiko halijapigania kitanda cha mtu.

Kuko vilevile waliotaja Biblia, na kwa kuwa sisi ni shule ya Kiprotestanti hatuwezi kuliruka neno hilo. Mmoja alisema sanamu hii ni ndama ya Haruni. Hapana, bwana: hakuna mtu atakayeiinamia, na ndama ya Haruni ilikuwa ya zahabu, si ya sufuria mbovu. Wengine walitaja Mithali sura ya 6, pale ambapo mvivu anatumwa kwa chungu. Hao wako karibu zaidi na jambo lenyewe. Mvivu ametumwa kutazama jinsi chungu wanavyoishi. Mwenye kumimina na kuondoka na sanamu yake ametazama nyumba isiyo na mtu tena.

Tuje kwa hatari, na hapa tunaomba ninyi wa mwaka wa kwanza na wa pili msome mara mbili. Alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji, maji yanageuka mvuke kwa ghafula. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1600. Kama maji hayo yamefungwa chini ya metali, mvuke unaitupa metali juu, usoni na machoni mwa yule aliyeshika chombo. Mchanga wa Florida unapitisha maji upesi. Udongo wetu mwekundu, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, unashika maji kama sifongo. Hata juu ukiona pamekauka, chini ni matope. Waulizeni mafundi wa mtaani wenye kuyeyusha vipande vya motere mbovu na kusubu sufuria katika mchanga. Watawaambia jinsi wanavyoogopa mchanga uliolowa kupita kiasi, nao ni watu wa kazi, si wanafunzi wenye kandambili. Kama kuko mwenye mpango wa kuwasha moto nyuma ya jiko Jumamosi Bwana Prefe akiwa safarini, tunamwambia hapa mbele ya wote: tumesikia, na tunakukataza kama ndugu.

Tusizarau mafundi hao, wala wazee wetu wa zamani. Hapa Katanga watu walijua kuyeyusha na kusubu mbele ya Wazungu kufika. Misalaba ya shaba iliyochimbuliwa na wajuzi katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, ilimiminwa na mikono ya watu wa inchi hii, na ina miaka mamia. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kusubu ni mambo ya video za Marekani. Wazee walimimina shaba katika kalibu waliyoitengeneza wao wenyewe. Kalibu ikiharibika, walitengeneza nyingine. Nyumba ya chungu ni kalibu iliyotengenezwa na mwingine, na bado anaikaa.

Neno moja fupi juu ya kile kichuguu kikubwa cha upande wa uwanja wa mpira, maana mmoja alisema tukijaze chote. Kile ni cha mchwa, si cha chungu, msichanganye. Vichuguu vikubwa vya namna hiyo kandokando ya Lubumbashi vinaweza kufika metre 8 za kimo. Mwaka 2015 wajuzi waliandika kwamba walipima umri wa vingine, wakakuta kimoja ambacho mchwa wamekiacha kina zaidi ya miaka 2000. Kile cha uwanja wetu hakijapimwa, lakini si cha jana. Katika Namibia, mjuzi Scott Turner na wenzake walijaza kichuguu cha mchwa kwa plasta na kuosha udongo kwa maji, ili kuona njia za hewa ndani yake, na ilikuwa kazi ya watu wengi na plasta nyingi sana. Chetu kiacheni. Kinatupatia kumbikumbi kila mvua ya kwanza, na watoto wa masomo ya msingi wanaketi juu yake siku ya mchezo.

Sasa njia yetu. Chungu wanahama, tumekwisha kusema. Wanapohama, nyumba inabaki wazi mpaka mvua iibomoe. Tutafute tundu la namna hiyo. Kujua kama limeachwa si kazi ngumu: unaweka makombo ya bukari mlangoni asubuhi na jioni, kwa siku saba. Kama hakuna anayekuja kuchukua wala hakuna udongo mpya unaotupwa nje, wenyewe wameondoka. Tungoje mwezi wa 6, udongo ukiwa mkavu. Tukoroge plasta iwe nyepesi kama uji wa mtoto, tuimimine bila kusimama, tuiache mpaka kesho yake. Kisha tuchimbe shimo pembeni, si juu yake, na tuendee plasta polepole kwa kijiko na burushi.

Hapo kazi inaanza, haijaisha. Vipande vya kila cm 10 za kushuka viwekwe katika mfuko wao, vipimwe kwa mizani ya labo, na tuandike. Kisha tutaona: je, nyumba ya chungu wetu ni nzito juu na nyepesi chini, kama zile za Florida, ao ina umbo lake lingine kabisa? Mwalimu wetu wa biolojia hajaona kitabu chenye jibu hilo kwa chungu wa uwanja wetu. Wa hesabu wachore mstari, wa sanaa waunge vipande kwa gundi. Ikitoka sanamu nzuri, itakuwa nzuri vilevile kama ya alumini, hata kama ni nyeupe na ina mabaka ya gundi. Mkitaka kuitundika katika biro ya Bwana Prefe, itundikwe pamoja na karatasi ya vipimo vyake. Wenye wazo la kuziuza kwa wageni, tunawaambia hapana kwa sasa. Tundu lililoachwa ni haba, na mtu akionja feza atageukia yale yenye watu.

Tunahitaji kilo 20 za plasta, burushi nne za rangi zilizozeeka, na beche mbili ambazo bustani inaweza kutuazima. Plasta iko mjini, katika maduka ya vifaa vya kujenga, na tumekwisha kuandika barua kwa Bwana Prefe juu ya bei. Yeyote anayejua tundu lililoachwa, ndani ya shule ao njiani kwenda mtoni, aandike mahali pake kwenye karatasi na kuitia katika sanduku la gazeti, pembeni mwa mlango wa maktaba, mbele ya mtihani wa muhula.